Sindano na Uzi kutoka Mzenga

Safari yangu ya Mzenga ilianzishwa na mfuko wa chumvi. Nasema hivyo kwa sababu wenzangu ofisini wanadhani nilikwenda kutembea, na mmoja wao amenuna mpaka leo kwamba sikumletea muhogo. Sikwenda kutembea. Nilikwenda kutafuta vitabu vya hadithi vya watoto wa darasa la pili, na aliyenituma, bila mwenyewe kujua, ni mtoto wa miaka minane anayeitwa Mbuke.

Mbuke ni mwanafunzi wangu hapa Misugusugu. Baba yake, Mzee Masanja, ni mfugaji aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka Usukumani akaweka boma nje kidogo ya makazi, kule ambako viwanja bado havijapimwa. Mtoto huyu alijua kusoma kabla ya wenzake, na tangu hapo hakuna maandishi yaliyopona. Kitabu cha kiada amekisoma mara mbili, mpaka jina la mchapaji. Amesoma kalenda ya ukutani, tangazo la chanjo, mifuko ya saruji iliyoachwa na mafundi, na ule ukuta wa nyuma ulioandikwa kwamba ni marufuku kukojoa hapa. Huo aliusoma kwa sauti ya juu siku tuliyokuwa na mgeni. Halafu siku moja, katikati ya somo la hesabu, nikamkamata anasoma kitu chini ya dawati. Ulikuwa mfuko mtupu wa chumvi. Nikamnyang'anya. Akaniangalia kwa upole, akasema, "Mwalimu, huo nao nimeshaumaliza."

Baada ya hapo akawa analaza kichwa kwenye dawati. Nikadhani ni homa. Jumatano akaja baba yake, fimbo kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Habari za kazi? Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Mtoto anasema vya kusoma vimeisha. Ni kweli?"

"Vya hadithi bado hatuna vya kutosha, mzee."

"Haya. Sasa kama kusoma ameshajua, na vya kusoma vimeisha, huku anakuja kufanya nini? Nyumbani kuna ndama."

Ningeweza kumtajia sheria na mtendaji, na mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Lakini swali lake lilikuwa na haki, na mimi swali lenye haki hunikera kuliko tusi. Nikafunga mdomo, nikaufungua tena, nikasema, "Nipe mpaka Jumatatu, mzee."

"Jumatatu ni karibu, mwalimu."

"Ndiyo maana nimeitaja."

Akaniambia sawa, Jumatatu atakuja naye mwenyewe, na nikimwonyesha vitabu mtoto atabaki. Nisipomwonyesha, ataondoka naye akamsaidie. Alisema hayo bila ukali wowote, na akaniaga vizuri.

Sasa niseme ukweli mapema. Vitabu vya hadithi vilikuwepo. Vilikuwa kumi na viwili, ndani ya kabati langu, na ufunguo nilikuwa nimeufunga kwenye kona ya leso. Tulipewa na msamaria mmoja miaka mitatu iliyopita. Nilivivalisha karatasi ya kaki, juu yake nailoni, nikaviandika namba, nikavifungia. Darasa langu lina watoto sitini na wanne. Vitabu kumi na viwili ukivitoa kwa watoto sitini na wanne hujatoa vitabu, umetoa ugomvi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najiambia: tutavifungua vikishatosha. Wageni wakija, navitoa, navipanga mezani, wageni wanavisifu, navirudisha. Mimi ni Mpare wa Same, nimelelewa kutunza vitu, na sikuona tatizo.

Nilichoona ni kwamba nahitaji vingine vingi, upesi. Nikampigia Mwalimu Zawadi. Huyu ni binti anayefundisha darasa la pili upande wa Mzenga, wilayani Kisarawe. Tulikaa meza moja kwenye semina hapa Kibaha, na muda wote wa semina alikuwa anajisifu kwamba watoto wake wana hadithi mpaka za kuanika.

"Njoo Ijumaa, dada," akaniambia. "Ila uje na vyako. Huku hatugawi, tunabadilishana."

Nilichosikia mimi ni "njoo".

Alhamisi, saa nane mchana, Misugusugu. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa ya siku moja na nusu kwa sharti kwamba nisirudi mikono mitupu. Nilivipanga vile vitabu kumi na viwili ndani ya boksi la mafuta ya kula, nikaviringisha kanga, nikafunga kamba. Nikashika njia ya Mbezi, kisha Gongo la Mboto, kisha Pugu, nipande Kisarawe mjini nilale, asubuhi niingie Mzenga. Kila mtu niliyemsimulia baadaye alinicheka: kutoka Misugusugu unakwenda Mlandizi hapo karibu, unakata kushoto, umefika. Mimi nimezunguka karibu mkoa mzima. Lakini Mzenga iko Kisarawe, na kichwani mwangu ukienda kwa mtu unaingilia mlangoni.

Saa kumi na moja jioni, Kisarawe. Ukishaipita Pugu gari linaanza kupanda, na ghafla joto la Dar linabaki chini huko na wenyewe. Nilifika wakati watumishi wanatoka ofisini, kila mmoja na mkoba na mfuko wa mboga. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Joshua, tuliyefundisha naye zamani kabla hajahamia kazi ya masjala. Alinipokea kwa kelele zote, akanipokonya begi, akataka kunipokea na boksi. Nikamkatalia.

"Kuna nini humo?"

"Vitabu vya watoto."

"Hebu tuone."

"Umenawa mikono?"

Mama Joshua alicheka mpaka akashika ukuta. "Mpare wewe! Vitabu vya watoto, halafu mtu mzima anaulizwa kama amenawa!"

Chakula kilipokuwa tayari alifungua kabati la vioo la sebuleni, lile ambalo kila nyumba inalo, akatoa sahani za maua na glasi ndefu. Chini ya sahani yangu karatasi ya dukani ilikuwa bado imebandikwa. Mumewe, Baba Joshua, ambaye ni mtu wa maneno machache, aliigeuza sahani yake akaitazama pande zote.

"Mwalimu," akasema, "uwe unakuja kila wiki. Sahani hizi zimeingia humu ndani tangu mwaka tuliohamia, na leo ndiyo nakutana nazo."

"Si za wageni!" Mama Joshua akamjibu. "Nikiwapa nyie mtazivunja."

Tukacheka wote, na mimi nikacheka kwa nguvu zaidi. Wali wa nazi ulikuwa mzuri, na hakuna sahani iliyovunjika.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Gari la kuelekea Maneromango lilitoka na baridi. Kondakta alitaka boksi liende juu ya keria pamoja na magodoro, tukabishana, akashindwa. Nikalipakata. Njia yenyewe ni mihogo na mikorosho, kilima na bonde, na kila kituo kuna mtu anayepakia kitu ambacho ulidhani hakipakiki. Kutoka Maneromango nikachukua bodaboda. Kijana akaniangalia nilivyolikumbatia lile boksi.

"Mama, hiyo keki?"

"Vitabu."

"Vitabu ndo unavibeba hivyo? Mi nikajua keki ya sendofu." Akawasha pikipiki. "Poa, usiwaze, tunaenda mdogomdogo."

Mdogomdogo yake nisingependa kuona kubwakubwa yake ikoje. Tulipita makorongo mawili nikiwa nimefumba macho, huku nikimwomba Mungu kwa ajili ya boksi kwanza na mimi baadaye.

Saa tatu kasoro, Mzenga. Shule ya Mwalimu Zawadi ina madarasa machache, yenye bati lililopata kutu na uwanja uliofagiliwa mpaka unaonyesha mistari ya ufagio. Zawadi alitoka mbio kunipokea, chaki masikioni kama fundi seremala na penseli yake.

"Shikamoo, dada!"

"Marahaba. Viko wapi?"

"Jamani, hata maji hujanywa!"

Nikanywa maji. Kisha akanifungulia mlango wa darasa la pili, na kwa mara ya kwanza nikaona zile hadithi za kuanika. Zilikuwa zimeanikwa kweli. Kamba tatu za katani zimekatiza darasa kutoka ukuta hadi ukuta, na vitabu vinaning'inia kwa vibanio vya nguo, kwenye kimo ambacho mtoto wa miaka saba anafikia bila kupanda kitu.

Nilisogea karibu, na furaha yangu ikaishia hapo. Vitabu vilikuwa mararu. Vingine havikuwa na jalada, vimevalishwa boksi la sabuni. Vingine vimeshonwa mgongoni kwa uzi mweusi, mshono umepinda huku na huku. Kurasa zilizochanika zilikuwa zimezibwa kwa vipande vya gazeti na gundi ya uji wa muhogo. Kimoja kilikuwa na alama ya mkono mzima, vidole vitano, kwa kitu nilichotumaini ni matope.

Nilikasirika. Siku moja na nusu ya ruhusa, magari manne, pikipiki, halafu ninyooshewe mitumba! Nilimvuta Zawadi pembeni.

"Mdogo wangu, hivi ndivyo ulivyokuwa unajisifia?"

"Ndivyo."

"Mbona vimechakaa hivi?"

"Si vinasomwa, dada," alijibu, na akaonekana kushangaa kweli.

Watoto walikuwa arobaini na kitu. Walinisalimia kwa pamoja, wakakaa, na Zawadi akawaeleza kwamba mimi ni mwalimu kutoka Kibaha, kwamba kule nako kuna watoto wanaopenda hadithi, na kwamba nimekuja kubadilishana. Kisha akanieleza mimi sheria ya darasa lake. Kitabu hakitoki mpaka anayekitoa awe amekisoma. Anakisimulia kinahusu nini, anataja kina majeraha gani, ndipo anakikabidhi. Anayepokea naye anatoa chake kwa namna hiyohiyo. Hata mwalimu mkuu alipotaka kuazima kimoja cha mjukuu wake alifuata foleni.

"Nani anaanza?" akauliza.

Alisimama msichana mdogo mwenye pengo la meno mawili, jina lake Mwanahamisi. Akachomoa kitabu kutoka kwenye kibanio, akaja kusimama mbele yangu, mgongo umenyooka.

"Hiki ni cha bata anayetaka viatu," akasema. "Jalada limetoka, hili ni la sabuni. Ukurasa wa pili uliingia uji, lakini unasomeka. Ukurasa wa saba haupo, uliliwa na mbuzi wa bibi yangu. Lakini mimi naujua. Hapo bata anakwenda kwa fundi cherehani, anaulizia viatu. Fundi anamwambia, mimi nashona nguo, nenda kwa fundi viatu. Basi. Atakayesoma umwambie hapo, asije akakwama."

Akanikabidhi kwa mikono miwili. Sikuwahi kukabidhiwa kitu rasmi namna ile, hata cheti cha ualimu.

"Sasa wewe, mwalimu," akasema Mwanahamisi, na akabaki amesimama.

Nikafungua boksi. Darasa zima likavuta pumzi, maana vyangu viling'aa. Nailoni yote ile, kaki haina hata mkunjo. Nikajisikia vizuri kidogo. Nikachukua cha juu, namba moja.

"Hiki," nikasema, "ni kizuri sana. Hakina jeraha hata moja."

"Kinahusu nini?"

Nikakitazama. Kaki, nailoni, namba moja. "Kinahusu mambo ya wanyama."

"Mnyama gani?"

"Wengi tu."

"Wanafanya nini?"

Kama kuna mwalimu anayesoma haya, anajua hali ya mtoto uliyemsimamisha wakati hajafanya kazi ya nyumbani. Anaangalia dari, anakuna goti. Mimi niliangalia bati. Miaka mitatu nilikuwa na vitabu vile. Nilijua namba zake na idadi ya kurasa zake. Nilijua hata kipi kilikuja na kona iliyojikunja. Kusoma, sikuwa nimesoma hata kimoja.

"Mwalimu hajakisoma," akasema mtoto mmoja wa nyuma. Hakusema kwa kejeli. Alisema tu, kama mtu anayesema kumeanza kunyesha.

Mwanahamisi akanyoosha kidole, akaigusa nailoni taratibu. "Kumbe ni vya wageni," akasema. "Kama sahani za mama."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Kwao lilikuwa jambo linaloeleweka, kila nyumba ina vitu vya wageni. Lakini mimi niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nilimwona Baba Joshua anaigeuza ile sahani. Nilimwona Mbuke na mfuko wake wa chumvi, hatua nne kutoka kwenye kabati langu, analaza kichwa kwa kukosa kitu cha kusoma. Na mimi nilikuwa nimemwambia baba yake kwamba havitoshi.

Nilitegemea Zawadi aniokoe. Wapi. "Gari la Mlandizi linapita saa nane, dada," akasema. "Na vitabu vyenyewe vyembamba." Akanisogezea benchi la watoto.

Nikakaa, magoti kidevuni. Nikavua nailoni, nikavua kaki. Kurasa mbili za kwanza zilikuwa bado zimeshikana tangu kiwandani, nikazitenganisha kwa ukucha. Nikaanza kusoma kwa sauti, maana kusoma kimya mbele ya watoto arobaini wanaokupumulia shingoni haiwezekani. Namba moja haikuwa na mnyama hata mmoja. Ilikuwa habari ya mtoto anayemkimbia kinyozi.

"Mwalimu alisema wanyama!" darasa likalipuka, na safari hii tulicheka wote.

Mazoea yana taabu. Kila baada ya sentensi mbili nilijikuta nasema "semeni wote", na wao, kwa adabu, wakasema wote. Mara ya nne Mwanahamisi akanishika mkono. "Mwalimu, usisimame hapo. Kinyozi si anakuja?" Nikaacha kusemesha watu, nikasoma. Yule mtoto wa kwenye kitabu alijificha ndani ya pipa, kinyozi akaja kukaa juu ya pipa kumsubiri, na mimi mwenyewe, mama wa watu na miwani yangu, nikawa nataka kujua atatokaje.

Hadi saa nane kasoro nilikuwa nimesoma vitano. Kila nilichomaliza nilikisimulia tena kwa kifupi, nikataja majeraha yake, ambayo hayakuwepo, na kila nilipotamka "hakina jeraha" sauti yangu ilizidi kuwa ndogo. Vitano vyangu vikaning'inizwa kwenye kamba. Vitano vyao vikaingia kwenye boksi langu, kila kimoja na mwenyewe wa kukisimulia. Nilipanda ukurasa wa saba wa bata kichwani kama mbegu, nikawa naurudia midomo ikichezacheza.

Mlangoni Zawadi alinipa kibunda kidogo cha kitambaa. Ndani mlikuwa na sindano nene na uzi mweusi.

"Wa nini?"

"Utauhitaji," akasema. "Mungu akijalia."

Saa nane na nusu, njia ya Mlandizi. Nilikaa dirishani, nikafungua boksi kuhesabu. Nilivyotoka navyo nyumbani ni kumi na viwili. Nilivyobakiza ni saba, nilivyopewa ni vitano. Nikahesabu tena, labda barabara imenichanganya. Kumi na viwili. Nimezunguka Mbezi, Pugu, Kisarawe na Maneromango, nimelala kwa watu, nimeaibishwa na mtoto mwenye pengo, na ninarudi na vitabu kumi na viwili vilevile kwa idadi, vitano kati yake vibovu kuliko nilivyotoka navyo. Nilicheka peke yangu mpaka mama aliyekaa jirani, mwenye ndoo ya dagaa, akalisogeza begi lake mbali nami kidogo.

Halafu nikavua nailoni zote zilizobaki, nikaanza kusoma vile saba. Cha nne kilikuwa cha kuku aliyepotea njia mnadani, na bila kujua nikawa nasoma kwa sauti. Yule mama wa dagaa alipofika kwake akasimama, ndoo mkononi, mguu mmoja mlangoni. "Aliokotwa?" akaniuliza. Nikafungua ukurasa wa mwisho haraka. "Aliokotwa." "Alhamdulillahi," akasema, akashuka.

Mlandizi nikapata gari la kurudi, na kabla ya saa kumi na moja nilikuwa Misugusugu. Njia ya mkato ni fupi kweli. Sijutii ile ndefu.

Jumatatu, saa moja asubuhi. Nilifika kabla ya kengele. Nilifunga kamba mbili darasani, vibanio nilivitoa nyumbani kwangu, na nguo zangu sasa zinapeperuka zinavyojua. Mzee Masanja alikuwa amesimama nje na Mbuke, mtoto akiwa na sare lakini bila daftari. Hilo la daftari lilinichoma.

"Shikamoo, mzee. Karibuni ndani."

"Marahaba. Vimepatikana?"

"Vimepatikana."

Aliingia akainamisha kichwa kupisha kamba. Akaviangalia, vingine vipya, vingine vya sabuni na uzi. "Umevitoa wapi?"

Mzenga ilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na ilikuwa nusu ya kweli. "Vitano nimebadilishana Mzenga," nikasema. "Vingine vilikuwa kabatini kwangu, mzee. Siku ile ulipokuja vilikuwemo. Nilivifungia visichakae."

Akatazama kamba moja, akatazama ya pili. Nikajiandaa kusikia lolote.

"Na hivi vikiisha?" akauliza.

"Hasomi tu, anajifunza kuvisimulia. Akivisimulia vizuri tunavipeleka Mzenga, wanatupa vingine. Na vyetu vinasomwa kule."

"Aa." Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. "Kama dume la mbegu. Hilo huwezi kulifungia zizini kwako peke yako. Linakwenda kwa huyu, linakwenda kwa yule, ndipo mji mzima unapata ndama." Akamgeukia mtoto. "Haya. Nenda kachukue daftari, uwahi kurudi."

Mbuke hakwenda. Alikuwa ameshamchomoa bata kutoka kwenye kibanio, yuko ukurasa wa sita, midomo inakimbia. Akafunua. Akasimama. Akafunua nyuma, akafunua mbele.

"Mwalimu, wa saba hauko."

"Uko," nikamwambia. "Nimeubeba mimi." Nikainama nikampa ukurasa wa saba kama nilivyopewa na Mwanahamisi, na fundi cherehani wake, bila kupunguza neno. Mzee Masanja naye alibaki kusikiliza mpaka bata alipofika kwa fundi viatu. Daftari lililetwa na kaka yake saa nne.

Wenzangu wananiuliza nilijifunza nini huko, na nadhani wanataka nitaje mbinu fulani ya kufundishia niliyoipata semina. Nilijifunza kwamba vitabu vyangu havikuwa vichache. Vilikuwa vimefungwa. Kumi na viwili kwa watoto sitini na wanne bado huzua ugomvi, siwadanganyi, kila asubuhi kuna anayelia kwamba kuku kachukuliwa na fulani. Lakini ni ugomvi wa kugombea kusoma, na kwa ugomvi huo niko tayari kuamua kesi mpaka nistaafu.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo, baada ya mapumziko, Mbuke alikuja mezani kwangu machozi yanamtiririka. Mikononi alikuwa na namba tisa, mojawapo ya vile saba vyangu, safi, vya miaka mitatu ya nailoni. Ukurasa wa nne ulikuwa umeng'oka, umeshikilia kwa uzi mmoja wa juu. Nilihisi damu inapanda. Sikufundishwa utunzaji kwa siku moja, na hautoki kwa safari moja ya Mzenga. Nilisikia sauti ya mama yangu mwenyewe ikija kooni.

"Umefanyaje?" nikamuuliza.

Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Nilifunua haraka, mwalimu. Nilitaka kujua kinachofuata."

Nimefundisha miaka kumi na minne. Watoto wamenichania vitabu kwa kugombana, kwa uzembe, na kwa kutengeneza ndege za karatasi. Kwa sababu hiyo aliyoitaja Mbuke, hajawahi hata mmoja.

Nikafungua kabati, ambalo sasa limebaki na chaki na kile kibunda cha Zawadi. Nikatoa sindano, nikatunga uzi, nikamsogezea kiti karibu na changu.

"Shika hapa," nikamwambia. "Na wakati nashona, nisimulie. Ilikuwaje ukurasa wa tano?"